Michael Faraday, Mwana wa Mhunzi

Njia kuu itokayo Mbeya hupita Mbozi na Vwawa, kisha huendelea mpaka Tunduma, mahali Tanzania inapopakana na Zambia. Katika njia hiyo, na katika vijia vya Momba na Ileje, pikipiki hupita mchana kutwa zikichukua watu na mizigo. Nyingi ni za namna mpya. Lakini huku na huku katika nchi zipo bado pikipiki chache za zamani, zilizotunzwa na wenyewe tangu siku za Tanganyika. Mathalani iko BSA M20, ambayo jeshi la Uingereza lilitumia kwa wingi katika vita ya 1939 hata 1945.

Pikipiki kama hiyo ina chuma kingi, na kila mtu hukiona; lakini uhai wake hauonekani. Petroli ikiwapo, na hewa ikiwapo, kama hakuna cheche ya umeme ndani ya silinda, mashine ile ni mzigo tu wa kusukumwa mlimani. Cheche hiyo hutoka katika kijisanduku kiitwacho magneto. Fundi akikifungua, hukuta ndani yake sumaku na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi sana.

Mtu aliyevumbua ya kuwa sumaku na waya huweza kuzaa umeme hakuwa mtoto wa tajiri, wala hakusoma katika chuo kikuu. Alikuwa mwana wa mhunzi, na jina lake Michael Faraday.

1. Utoto wake

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, huko Newington, karibu na mji wa London katika Uingereza. Baba yake, James, alikuwa mhunzi aliyetoka kaskazini kuja kutafuta kazi. Lakini mwili wake ulikuwa dhaifu, na siku nyingi hakuweza kuinua nyundo. Mwaka 1801 bei ya nafaka ilipanda sana, na yasimuliwa kwamba Michael, naye alikuwa mtoto wa miaka tisa, alipewa mkate mmoja uwe chakula chake cha juma zima.

Wazazi wake walikuwa maskini, lakini walikuwa wacha Mungu. Walikuwa wa kanisa dogo la Wasandemani, watu wasiopenda kujiwekea hazina duniani. Mtoto alijifunza kwao kusema kweli na kuridhika na kidogo, wala hakuyaacha mafundisho hayo hata kufa kwake. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo tu. Basi masomo yake yakaishia hapo.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu alipata kazi kwa bwana mmoja, George Riebau, aliyekuwa akiuza vitabu na kuvitia majalada. Kwanza alitumwa kupeleka magazeti nyumba kwa nyumba. Mwaka uliofuata, 1805, aliandikishwa kuwa mwanafunzi wa kazi ile ya kutia majalada kwa muda wa miaka saba.

Vijana wengine waliotia vitabu majalada waliangalia ngozi na gundi tu. Faraday aliangalia na maneno yaliyomo. Siku moja aliletewa kitabu kikubwa cha maarifa, na ndani yake palikuwa na habari ndefu za umeme. Akazisoma. Lakini hakutosheka kusoma. Alitaka kuona kwa macho yake kama maneno yale ni kweli. Akanunua chupa na vitu vingine vya bei ndogo, akajitengenezea mashine ya kutoa cheche za umeme. Tabia hiyo ndiyo iliyokuwa msingi wa maisha yake yote. Neno lililoandikwa halikumtosha mpaka amelijaribu kwa mkono wake.

2. Mlango wafunguliwa

Mwaka 1810 baba yake alikufa. Siku zile palikuwa na mtu mmoja mjini aliyefundisha maarifa ya vitu jioni, na kila somo lilikuwa kwa shilingi moja. Michael hakuwa na shilingi. Ndugu yake mkubwa, Robert, aliyefuata kazi ya baba yao ya uhunzi, akamlipia kwa jasho lake. Michael aliandika kila alilosikia, akachora picha za vyombo vyote, kisha akazitia karatasi zile majalada kwa mkono wake mwenyewe.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alipendezwa na bidii yake, akampa ruhusa ya kuingia katika Royal Institution amsikilize Sir Humphry Davy, mtaalamu mkuu wa siku zile. Faraday alisikiliza masomo manne. Akayaandika yote, akayatengeneza kuwa kitabu kizuri, akampelekea Davy pamoja na barua ya kuomba kazi, hata ikiwa kazi ya chini kabisa.

Davy alimpokea kwa wema, lakini hapakuwa na nafasi. Miezi michache ikapita. Kisha msaidizi wa Davy alifukuzwa kazi kwa sababu ya ugomvi, na Davy akamkumbuka yule kijana. Basi mwezi wa Machi 1813 Faraday aliajiriwa kwa shilingi ishirini na tano kwa juma, na vyumba viwili vya kulala juu kabisa ya nyumba. Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo, kuandaa meza na kumsaidia bwana wake. Alikuwa ameingia mlangoni, na alikaa katika nyumba ile karibu maisha yake yote.

Mwaka ule ule Davy alisafiri kwenda Ufaransa na Italia, akamchukua Faraday. Safari ilichukua mwaka mmoja na nusu. Kijana alionana na wataalamu wakubwa, kama Ampère katika Paris na Volta, aliyevumbua betri. Lakini mke wa Davy alimdharau, akamtumikisha kama mtumishi wa nyumbani. Faraday aliumia moyoni, hata akafikiri kurudi kwao. Lakini alivumilia, maana aliona kwamba akiacha safari kwa ajili ya kudharauliwa, atapoteza elimu ambayo hataipata tena.

3. Majaribu ya jina lake

Mwaka 1820 mtaalamu wa Denmark, jina lake Ørsted, aliona jambo la ajabu. Alipitisha umeme katika waya karibu na dira, na sindano ya dira ikageuka. Hivyo ikajulikana kwamba umeme na sumaku vina undugu. Mwaka uliofuata, 1821, Faraday alitengeneza chombo kidogo chenye zebaki, na ndani yake waya uliopita umeme ukaizunguka sumaku pasipo kusukumwa na mtu. Hiyo ndiyo asili ya mota zote za umeme.

Furaha yake haikudumu. Watu walinong'ona kwamba ameiba wazo la mtaalamu mwingine, Wollaston, naye alikuwa mtu mwenye heshima kubwa. Kweli Wollaston alikuwa akifikiri juu ya jambo lililo karibu na lile, lakini chombo na jaribio vilikuwa vya Faraday. Kosa lake lilikuwa moja: alitangaza kazi yake kwa haraka kabla ya kumtaja mwenzake. Hakujibu kwa matusi. Alimwendea Wollaston mwenyewe akamweleza mambo yote waziwazi, na yule mzee hakumwonea uchungu.

Hata Davy, aliyemlea, aligeuka kuwa na wivu. Faraday alipopendekezwa kuingia katika Royal Society, chama kikuu cha wataalamu wa Uingereza, Davy alijitahidi kumzuia. Lakini mwezi wa Januari 1824 Faraday alichaguliwa. Kura moja tu ilimkataa. Hata baada ya hayo alimtaja Davy kwa heshima siku zote, kwa sababu hakusahau mkono uliomfungulia mlango.

4. Siku ya pete ya chuma

Tangu 1822 Faraday alikuwa na swali moja moyoni mwake. Ikiwa umeme huweza kuzaa nguvu ya sumaku, je, sumaku haiwezi kuzaa umeme? Akajaribu mwaka 1824, asipate kitu. Akajaribu tena 1825, na tena 1828, asipate kitu. Kila mara aliandika katika daftari lake alichofanya na alichoona, na kama hakuona kitu, aliandika hivyo hivyo.

Tarehe 29 Agosti 1831 alitwaa pete nene ya chuma, upana wake kama sentimita 15. Upande mmoja alizungusha waya wa shaba mara nyingi, akautenga kwa uzi na kitambaa ili waya usigusane. Upande wa pili akazungusha waya mwingine usioungana na ule wa kwanza. Ule wa kwanza aliuunga na betri, na ule wa pili aliupitisha karibu na sindano ya dira.

Alipounga betri, sindano ilishtuka, kisha ikatulia. Umeme uliendelea kupita katika waya wa kwanza, lakini sindano haikutikisika tena. Alipokata umeme, sindano ikashtuka mara ya pili. Mtu mwingine angaliweza kuudhania mshtuko ule kuwa mtikisiko wa meza. Faraday aliuangalia, akaurudia, akauandika. Akatambua neno ambalo wote waliotafuta kabla yake walikuwa wamelikosa: sumaku iliyotulia haizai umeme, bali nguvu ya sumaku inapobadilika ndipo umeme unapozaliwa katika waya.

Tarehe 17 Oktoba aliingiza sumaku kwa haraka ndani ya mzingo wa waya, na umeme ukaonekana. Akaitoa, na umeme ukaonekana tena ukienda upande mwingine. Tarehe 28 Oktoba alizungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku kubwa, akapata umeme usiokatika. Hiyo ndiyo dainamo ya kwanza. Mitambo mikubwa ya umeme inayozungushwa kwa maji au kwa mvuke hufuata kanuni ile ile.

5. Kazi yake ndani ya magneto

Faraday hakuona pikipiki maisha yake yote. Magneto yenye nguvu ya kutosha kwa mashine ziendazo kasi ilitengenezwa mwaka 1902 na Honold, fundi wa kiwanda cha Robert Bosch katika Ujerumani. Lakini mwanafunzi akiielewa pete ya chuma ya 1831, ataielewa na magneto.

Ndani ya magneto ya pikipiki kama ile BSA ya zamani mna sumaku, na kati ya ncha zake huzunguka kipande cha chuma chenye mizingo miwili ya waya. Mzingo wa kwanza ni wa waya mnene, na mizunguko yake ni michache. Mzingo wa pili ni wa waya mwembamba kama unywele, na mizunguko yake ni maelfu. Injini ikizunguka, umeme huzaliwa katika mzingo wa kwanza. Viko vidomo viwili vya chuma, ambavyo mafundi huviita pointi, vinavyogusana na kuachana. Vinapoachana, umeme wa mzingo wa kwanza hukatika ghafula. Hapo yanatukia yale aliyoyaona Faraday alipokata betri, yaani mzingo wa pili hushtuka. Na kwa kuwa mizunguko yake ni mingi mno, mshtuko huo una nguvu ya kuruka nafasi iliyo katika plagi, na cheche huwasha petroli.

Magneto haihitaji betri. Kwa hiyo pikipiki ya namna hiyo huweza kwenda hata betri yake ikiwa imekufa. Taa zake hupata umeme kwa dainamo na betri, na hiyo ni njia nyingine. Fundi asiyejua tofauti hiyo huweza kununua betri mpya kwa fedha nyingi, na injini isiwake hata kidogo.

6. Jinsi ya kutafuta kosa

Tuseme mtu ana pikipiki ya zamani, naye yuko njiani kati ya Vwawa na Tunduma, jua linatua, na injini inazimika. Mtu mwenye haraka hufungua kila kitu kwa pamoja. Hubadili plagi, husugua pointi, hukaza waya, na akibahatika injini ikawaka, hajui ni kipi kilichoiponya. Kesho ikizimika atakuwa mjinga kama jana. Njia ya Faraday si hiyo. Yeye aliuliza swali moja, akabadili kitu kimoja, akatazama, akaandika.

Fundi afuataye njia hiyo hutazama kwanza kama petroli ipo na inafika. Kisha hutoa plagi, huirudisha katika waya wake, na huilaza juu ya chuma cha injini, mbali na tundu ilimotoka, maana mvuke wa petroli huweza kushika moto. Kisha hupiga kiki. Wala asishike plagi au waya wake kwa mkono mtupu, kwa kuwa umeme wa magneto una mshtuko mkali. Cheche ya rangi ya buluu ikionekana, magneto inafanya kazi, na yafaa kosa litafutwe kwingine. Lakini plagi chakavu huweza kutoa cheche hewani na kushindwa ndani ya silinda. Kwa hiyo yafaa kuijaribu na plagi nyingine iliyo nzima.

Ikiwa hakuna cheche hata kwa plagi nzima, fundi huangalia waya wa plagi kama umepasuka au umelowa. Kisha huchomoa ule waya mwembamba wa kuzimia injini. Waya huo ukichubuka na kugusa chuma cha pikipiki, magneto hunyamaza kana kwamba mwenyewe ameizima. Watu wengi wamefungua magneto nzima, kumbe kosa lilikuwa katika waya huo mmoja.

Baada ya hapo huangalia pointi. Zikiwa na mafuta au kutu, umeme haupiti vizuri; husafishwa kwa upole. Nafasi yake zinapoachana, katika magneto nyingi za Kiingereza za zamani, ni kama milimita 0.3. Ikiwa kubwa mno au ndogo mno, cheche hupungua nguvu. Vilevile huangalia kile kipande cha kaboni kinachopokea umeme kutoka katika mzingo wa pili, kwa maana vumbi lake jeusi huweza kuufungulia umeme njia ya kupotelea.

Liko kosa jingine linalodanganya sana. Injini huwaka vizuri asubuhi, huenda kilometa kadhaa, kisha huzimika. Ikipoa, huwaka tena kana kwamba haikuwa na ugonjwa. Hapo mara nyingi kosa liko ndani ya magneto, katika mzingo wa pili au katika kile chombo kidogo kiitwacho kondensa, ambacho hufanya umeme ukatike vizuri pointi zinapoachana. Joto likizidi, kilichochoka hushindwa. Kosa kama hilo halionekani kwa macho. Hugunduliwa na yule aliyeandika lini injini ilizimika, ilikuwa na joto gani, na ilikaa muda gani kabla ya kuwaka. Na mwishowe, sumaku yenyewe hupungua nguvu kwa miaka mingi. Basi hupelekwa kwa fundi mwenye chombo cha kuirudishia nguvu.

Kwa taa mpango ni ule ule. Huanza na betri, kisha fyuzi, kisha viungo vya waya vyenye kutu, kisha dainamo. Moja baada ya moja, bila kuruka.

7. Meza zilizotembea

Njia hiyo Faraday hakuitumia kwa sumaku tu. Mwaka 1853 katika Uingereza palizuka mtindo wa watu kuketi kuizunguka meza, wakiweka mikono juu yake, na meza ikaanza kugeuka. Wengi walisema ni mizimu, na wengine walisema ni umeme. Hata watu wenye elimu waliamini.

Faraday hakuwacheka. Alitaka kujua kosa liko wapi. Akatengeneza vibao vyembamba vyenye kuteleza, akaviweka kati ya mikono ya watu na meza, na kijiti cha kuonyesha ni kipi kinachoanza kwenda, mkono au meza. Ikaonekana kwamba mikono ndiyo iliyosukuma, na watu wenyewe hawakujua. Tena, walipoweza kukiona kile kijiti na kujua mikono yao inakwenda wapi, meza haikugeuka tena. Akaandika habari hizo katika magazeti. Kwa kufanya hivyo alikosana na watu wengi waliopenda ile ajabu, lakini hakuogopa. Kwake yeye, mtu kujidanganya mwenyewe ni hatari kuliko kudanganywa na wengine.

8. Heshima aliyoikataa

Baada ya 1831 jina la Faraday lilijulikana kila mahali. Viwanda na watu wenye mali walimtaka awafanyie kazi, na angaliweza kuwa tajiri. Lakini aliona kwamba mtu mmoja hawezi kuzifuata fedha na kuifuata kweli kwa bidii ile ile, akaacha sehemu kubwa ya kazi hizo. Walitaka kumpa cheo cha kuitwa Sir, akakataa. Walitaka awe mkuu wa Royal Society, akakataa pia.

Kanisani alikuwa mzee wa kanisa tangu 1840 kwa miaka michache, na tena tangu 1860. Aliwatembelea wagonjwa na kuwasaidia maskini. Yeye na mkewe Sarah, aliyemwoa mwaka 1821, hawakupata mtoto. Lakini Faraday aliwapenda sana watoto. Wakati wa Krismasi, mara kumi na tisa katika maisha yake, aliwafundisha watoto maarifa ya vitu katika Royal Institution. Kwa mshumaa mmoja tu aliweza kuwaeleza habari za hewa, maji na moto.

Kazi nyingine aliyoitunza ilikuwa ya minara ya taa iongozayo meli. Alikuwa mshauri wake tangu 1836. Mwezi wa Desemba 1858 mnara wa South Foreland, karibu na Dover, uliwashwa kwa umeme uliotoka katika mashine ya sumaku. Mwezi wa Februari 1860, naye akiwa na umri wa miaka 68, alikwenda kuukagua mnara. Theluji ilikuwa imeziba njia, akarudi. Baada ya siku chache akaenda tena, akapita mashambani kwa miguu, akaruka nyua na kuta mpaka akafika. Mabaharia usiku hawakuweza kujua jina la mtu aliyewapitia mashamba yale, lakini waliiona taa.

Katika miaka ya mwisho kumbukumbu zake zilififia. Mtu aliyeandika katika daftari lake mafungu zaidi ya 16,000 ya majaribio alianza kusahau aliyoyafanya jana. Hakulalamika. Aliacha kazi moja baada ya moja, kama fundi arudishavyo vyombo mahali pake jioni. Tangu 1858 Malkia Victoria alikuwa amempa nyumba ya kukaa huko Hampton Court, na huko alikufa kwa utulivu, ameketi katika kiti chake, tarehe 25 Agosti 1867.

Angaliweza kuzikwa katika Westminster Abbey pamoja na wakuu wa nchi, lakini alitaka maziko ya mtu wa kawaida. Alizikwa katika makaburi ya Highgate, London, kwa maziko yasiyo na fahari. Juu ya jiwe lake liliandikwa jina lake, na siku aliyozaliwa, na siku aliyokufa.